Baba Anahama Banda la Kuku

Bernadeta, mke wa kaka yangu, alijenga banda la kuku nyuma ya nyumba yao kule Pasiansi, Mwanza, na wa kwanza kulala humo akawa baba yetu.

Sisemi hivi kumsema vibaya Bernadeta. Alikuwa amemwandalia chumba ndani, kitanda, chandarua kipya, hata picha ya Bikira Maria ukutani, ambayo aliishusha mbio alipokumbuka kwamba upande wetu ni Wasabato. Baba alifika kutoka Shirati akiburuta mguu wa kushoto, ule ulioguswa na kiharusi, akaketi sebuleni, akanywa chai, akasifu kochi. Jua lilipoanza kwenda chini akachukua fimbo yake akatoka nje.

"Unakwenda wapi, Baba?" aliuliza kaka yangu Owiti.

"Kulala."

"Kitanda kiko ndani."

"Nimekiona. Kizuri sana."

Kwetu Wajaluo mzazi halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Kula atakula, wajukuu atawabeba, lakini kulala hapana. Akilala ataleta chira, ile laana inayomkausha mtu kidogo kidogo mpaka nguo zinampwaya. Na anayekauka si mzee mwenyewe, ni watoto wake. Baba alikuwa mpishi wa meli za ziwani maisha yake yote ya kazi. Alishatia nanga Bukoba, Kisumu na Port Bell, na mambo mengi ya wazee wenzake aliyacheka. Hilo hakulicheka.

Banda la kuku lilikubalika. "Hii si nyumba ya mtu," alisema, akiinamisha kichwa kupita mlangoni. "Ni ya kuku, na kuku wenyewe hawajafika."

Tatizo ni kwamba walikuwa njiani. Wakati ule kila mtu mjini alikuwa na mradi, na wa Bernadeta ulikuwa vifaranga wa kisasa, walioagizwa Dar es Salaam na kulipiwa. Halafu masika yalikuwa yanakaribia, na banda la kuku upande mmoja ni wavu mtupu, unaoelekea ziwani. Baba akaanza kukohoa.

Tulikaa kikao sisi watatu, Owiti, Bernadeta na mimi. Kumrudisha Shirati haikuwezekana. Mama alishafariki, na kule ilikuwa imebaki nyumba yenye mlango na bati, bila mtu wa kumchemshia uji wala kumshika anapokwenda chooni. Kumpangishia chumba mjini ingekuwa yale yale, maana mara mbili alishaanguka akijaribu kuchutama. Mimi nilikuwa nimepanga Mirongo, chumba kimoja ambamo vitabu vilichukua nafasi zaidi yangu, na baba hawezi kulala chumba kimoja na binti yake mtu mzima.

"Kuna nyumba za wazee," nilisema, nikiiambia meza.

Owiti aliruka. "Wazee wasio na watu! Unataka watu kiwandani waseme mtoto wa kwanza wa Ojuok amemtupa baba yake?" Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, na aliogopa maneno ya watu kuliko chira.

"Sasa hivi wanasema umemweka na kuku," alisema Bernadeta.

Kisha Owiti akatamka yale maneno ambayo katika familia yetu hufunga kila mjadala usio na mtu wa kuufanyia kazi: "Basi Princess ashughulikie. Yeye ndiye msomi."

Hapo inabidi niseme kidogo habari zangu. Princess ni mimi. Baba alilitoa jina hilo kwenye ukurasa wa gazeti lililofungiwa samaki, akiwa jikoni melini siku aliyopata habari kwamba nimezaliwa, na tangu hapo nimeishi kama mtu aliyevaa kofia ya mtu mwingine. Nilisoma sosholojia chuo kikuu, Mlimani. Nilipomaliza, serikali ilikuwa imeacha kuajiri, kila kitu kimekuwa ruksa isipokuwa kazi, nami nikapata kibarua katika duka la vifaa vya ofisi mjini, kwenye mashine ya kutoa nakala. Ilinifaa. Mteja anayetaka nakala haongei sana, na mwanga ule wa kijani unapopita unaweza kufumba macho bila mtu kuona ajabu. Nilikuwa mtu wa kuvuka barabara ili nisiamkiane na mama mwenye nyumba yangu, ambaye nilimpenda.

Msomi akipewa kazi hutafuta kitabu. Nilikuwa nacho kimoja cha Kiingereza, kilichokuja kwenye maboksi ya msaada, kuhusu namna ya kumchagulia mzazi makao mazuri. Nilikisoma jioni moja na nikaamka mtaalamu. Kitabu kilishauri uchunguze kama vyumba vinapata joto wakati wa theluji, kama mzazi ataruhusiwa kuja na paka wake, na kama kuna piano. Nilikariri maswali kama ninavyokariri kila kitu, yaani yote, bila kuchambua.

Mahali pa kwanza nilipokwenda palikuwa kwa Bwana Maige. Huyu alikuwa na gesti nje kidogo ya mji, wageni wakapungua, naye akaona mbali. Alipaka rangi ubao wa nje ukasomeka "Makao ya Kisasa ya Wazee", ila rangi ilikuwa nyepesi na chini yake neno "Vinywaji Baridi" liliendelea kuchungulia.

"Wazee wako wangapi?" aliniuliza akinivutia kiti. Redio ya baa ilikuwa inaunguruma ukutani.

"Mmoja."

"Lete wawili, dada. Mzee mmoja mpweke. Wakiwa wawili wanachungana."

Alinionyesha chumba. Nyuma ya mlango bado kulikuwa na tangazo linalomkataza mgeni kuingiza mgeni mwingine bila kuripoti mapokezi. Kulikuwa na kioo kikubwa kinachotazamana na kitanda, jambo ambalo kitabu changu hakikulizungumzia. Nilitafuta swali la heshima.

"Kuna piano?"

Bwana Maige hakutikisika. "Ukitaka ipo. Muziki tunafunga saa sita usiku, labda mechi iwepo."

Mtu mwingine angesema asante akaondoka. Mimi siwezi kumwambia mtu hapana akiwa ananitazama. Nilikunywa soda aliyonifungulia, nikaitikia kwa kichwa kila alichosema, na nilipofika barabarani nikagundua kwamba nimeahidi kuleta wazee wawili. Kwa wiki kadhaa baadaye alikuwa akipita pale dukani kuchungulia. "Dada, wale wazee wetu vipi?" Nami nilikuwa nainama chini ya mashine, najifanya karatasi imekwama.

Mahali pa pili palikuwa Buhongwa, kwenye njia ya kwenda Shinyanga, makao ya wazee yaliyoendeshwa na masista. Nilifika asubuhi. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana, na wazee walikuwa wameketi kando ya ukuta wakiota jua. Kwa kuwa walikuwa wengi na wote wananitazama, niliwapungia mkono kwa jumla, kama mgombea ubunge, nikapita.

Sista Paskazia, mkuu wa nyumba ile, nilimkuta shambani amekunja mikono ya gauni, anapalilia viazi.

"Huyo mzee ana watoto?" alikuwa wa kwanza kuuliza.

"Kwa nini, Sista?"

"Kwa sababu mwenye watoto hatumchukui. Vitanda vichache. Hapa ni kwa yule ambaye hana mtu duniani."

Nilisikia kikohozi cha Baba kichwani mwangu, na vifaranga wakilia kwenye maboksi yao. "Hana," nilisema. "Ni mzee tu ninayemfahamu."

"Mnafahamiana vipi?"

"Ni... jirani. Yuko kwenye banda la kuku."

Sista aliegemea jembe lake. Alinitazama pua, akanitazama paji la uso. Sasa najua alichokuwa anakiona, maana uso wangu na wa Baba ni uso mmoja uliotolewa nakala. "Jumapili umlete mwenyewe nimwone," alisema. "Sichukui mtu kwa kusimuliwa."

Jumapili Owiti aliazima pikapu ya rafiki yake. Alikubali kutupeleka kwa sharti kwamba hatashuka. Alivaa kofia ya kiwandani akaivuta mpaka nyusi. Baba alikaa katikati yetu amevaa shati lake jeupe la kanisani, fimbo katikati ya magoti, nami njia nzima nikawa namfundisha.

"Baba, watakuuliza kama una watoto. Utasema huna."

Kimya.

"Ni kwa ajili ya kitanda tu, Baba. Mimi nitakuwa jirani."

Baba alikuwa anatazama mawe makubwa ya kando ya njia yakipita, na midomo yake inacheza kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Chuoni, kwenye semina, mtu asipojibu huhesabiwa kwamba ameafiki. Nilihesabu hivyo.

Owiti alisimamisha gari mbali na lango, nyuma ya mti. Nilimshika Baba mkono mpaka ofisini, chumba kidogo chenye benchi. Sista Paskazia alisimama.

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Umeletwa na jirani yako."

"Jirani gani?" Baba aligeuka taratibu, mguu wake ukimchelewesha, akanitazama toka juu mpaka chini. "Huyu? Huyu ni Princess. Kitinda mimba wangu. Ana digrii ya Mlimani. Princess, mwamkie Sista."

"Nimeshamwamkia, Baba."

"Mwamkie tena. Sasa unamwamkia kama mtoto wa mtu."

Nikamwamkia. Sista akaitikia, na alikuwa ameuma mdomo kwa ndani.

"Ninaye na wa kwanza, Owiti," Baba aliendelea, akinyoosha fimbo dirishani. "Yule kwenye gari, mwenye kofia. Anajificha. Katikati walikuwa mapacha, Apiyo na Adongo, hao tumewazika Shirati wakiwa wadogo. Niliambiwa niseme sina mtoto. Nimejaribu, Sista, njia nzima nimejaribu. Nikisema sina, hawa wawili nimewaua kwa mdomo wangu. Na wale wawili nimewafukia tena. Mdomo umekataa."

Nilikuwa nimesoma kuhusu nguvu ya neno katika jamii zetu. Niliiandikia hata karatasi ya semina, nikapata alama nzuri. Haikunijia kabisa kwamba karatasi ile ilimhusu mtu ninayemfahamu. Chira nilidhani inakaa kwenye mapaa ya nyumba tu.

Sista Paskazia alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho, na uso ukarudi ule wa mkuu wa nyumba.

"Mzee, nimekupenda. Lakini kanuni ni kanuni. Una watoto wawili wazima."

"Basi nirudi kwa kuku," alisema Baba, akaanza kujiinua.

Alisema kwa upole, kama mtu anayekumbuka ameacha sufuria jikoni. Fimbo iliteleza sakafuni. Nilimdaka kwapani, na kile kikohozi kikaanza, kirefu. Hakikuwa na haraka ya kwisha. Sista alimsikiliza mpaka kikakatika.

"Nani anakulaza na kuku?"

"Mimi mwenyewe."

"Kamwite yule wa kwenye gari," Sista aliniambia.

Owiti alikuja amevua kofia, anaikunja kama cheti. Alieleza mwenyewe, chumba kilichoandaliwa, paa, chira, vifaranga. Nilishangaa jinsi alivyoeleza vizuri. Alipofika kwenye kikohozi akakohoa na yeye.

"Mnamtupa?" Sista aliuliza.

"Hapana, Sista. Hana pa kulala ambapo si pa mtoto wake."

"Mimi Mkerewe," alisema Sista. "Na sisi tuna ya kwetu. Kaeni."

Tukakaa benchi moja kama watoto waliorudishwa shule. Ndipo Baba akasema na yeye ana maswali.

"Jumamosi sifanyi kazi. Ni Sabato yangu."

"Hakuna atakayekugusa. Viazi vitakungoja Jumatatu, ukiwa na nguvu."

"Mtu wa mwisho kufa hapa, alizikwa wapi?"

Nilitaka kuingia chini ya benchi. Sista aliona swali la kawaida.

"Mzee Machibya. Alituambia kwao ni Magu, tukampeleka Magu kwa gari la misheni. Tulimkuta mpwa mmoja tu, akatuonyesha mahali."

"Mimi ni Shirati. Mbali."

"Barabara ipo."

"Nitakupeleka mimi, Baba," alisema Owiti.

"Wewe sijakuuliza. Wewe najua utanipeleka. Nauliza kama hawa watakubali kunitoa."

"Tutakutoa, Mzee," alisema Sista. "Kwa maandishi ukitaka."

"Mdomo unatosha." Baba alitulia. Nilimwona anashusha mabega kwa mara ya kwanza tangu afike Mwanza.

Wote wakanigeukia, kana kwamba zamu ni yangu. Kati ya maswali yote ya kitabu, la theluji, la paka, la piano, moja tu lilikuwa limebaki kichwani.

"Chooni kuna bomba la kushikia?"

"Bomba la nini?" aliuliza Sista.

"La ukutani. La mtu kujishikia akichutama na kuinuka. Baba anaanguka."

Owiti alifunika uso. Baba alisema, "Nyara," ambayo ni "binti yangu" kwa Kijaluo, kwa ile sauti ya kumnyamazisha mtoto mbele ya wageni. Sista Paskazia, yeye, aliinuka akaenda kusimama mlangoni akitazama vyoo vyao kule nyuma, kama hajawahi kuviona.

"Bibi Wilhelmina alivunjika nyonga mle," alisema. "Hakuna bomba. Lete."

"Nilete?"

"Si wewe umelisema? Lete. Na sikilizeni. Kitanda cha Machibya kiko wazi, na kuna watu wasio na mtu wanaokitaka. Lakini hapa Jumapili hakuna anayekuja kumtazama yeyote. Wanakaa pale ukutani wanatazama lango. Mzee nitampokea, kwa sharti nampokea pamoja na mtoto. Kila Jumapili, wewe binti, uje. Uwaamkie wote, ukae nao."

"Wote?"

"Mmoja mmoja. Si kupunga mkono kama mheshimiwa. Ukiacha kuja, namrudisha kwa kuku."

Mtu anayekwepa kumwamkia mama mwenye nyumba wake alitazama nje, ule mstari mrefu wa mashuka na kofia na fimbo kando ya ukuta. Nilisema ndiyo. Sitaki mtu anisifu, maana hata kwa Maige nilisema ndiyo.

Mabomba Owiti aliyapata kwenye mabaki ya kiwandani, akayachomelea mwenyewe, akaja kuyafunga vyoo vyote mchana kweupe, bila kofia. Baba alimsimamia na kusema ni upuuzi wa vitabuni, yeye melini alichutama kwenye mawimbi bila kushika kitu. Wiki iliyofuata Sista aliniambia kwamba Baba anagombana na mtu yeyote anayeanika nguo kwenye bomba lake.

Vifaranga walifika, mvua ikafika, na kikohozi kikaisha bila mimi kujua siku gani. Nikajifunza kuamkia. Unaanza upande wa jikoni. Kila mmoja unampa shikamoo yake na kungoja marahaba yake, na habari za wiki nzima zinafuata: miguu, ndoto, nani ameiba sabuni ya nani. Bibi Wilhelmina, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo na kulitaja bomba kama "la kwetu", haitikii kabla hajauliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Umeolewa?"

"Bado, Bibi."

"Marahaba. Unangoja nini na hiyo digrii?"

"Anachagua," Baba hudakia toka mwisho wa mstari, bila kuulizwa. Kwa kuwa siwezi kusema hapana, nimeshakubali kuonana na wajukuu kadhaa. Mmoja alikuja dukani kutoa nakala ya cheti, tukatazamana juu ya ule mwanga wa kijani, wote tukafumba macho.

Jumapili moja Bernadeta alituita Pasiansi kula kuku wake wa kwanza. Owiti akaenda kumchukua Baba. Tulikula uani, karibu na banda, Baba akawa anawaonyesha wajukuu pembe aliyokuwa analala na kuwaambia jogoo yule mkubwa amempangisha. Alikula, akaramba vidole, akasifu upishi, na kwa mpishi wa meli hilo halitoki ovyo. Bernadeta, ambaye hajakiondoa kitanda cha chumba kile cha ndani mpaka leo, aliona jua linashuka, akasema taratibu, "Baba, mawingu yale. Si ulale tu leo?"

Baba alishachukua fimbo.

"Unakwenda wapi, Baba?" aliuliza Owiti, funguo za gari tayari mkononi.

"Kwangu," alisema Baba. Akanigeukia. "Na wewe twende. Hujawaamkia leo."